Bandi: Neno la Fundi na Neno la Barafuni

Fundi cherehani anayeijua kazi yake hakimbilii mashine. Kwanza hulaza vipande viwili vya kitambaa, kimoja juu ya kingine, kisha huvishikiza kwa mkono: sindano hapa, hatua ndefu, sindano pale. Mshono huo mrefumrefu ndio bandi. Kanzu ikishapita cherehanini, uzi wa bandi huvutwa ukatoka wote, na atakayeivaa siku ya Idi hatajua kwamba ulikuwapo. Lakini bila bandi, shingo ya kanzu ingekwenda upande.

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya mchezo wa nchi za baridi kali. Waswidi huuita bandy. Ukipita kwenye ulimi wetu, unakuwa bandi. Huchezwa juu ya barafu, katika uwanja unaokaribia ukubwa wa ule wa soka, wachezaji 11 kila upande, wote wamevaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya nyayo. Mkononi wana gongo lililopinda ncha. Mpira ni mdogo, wa rangi kali ili uonekane kwenye weupe. Kipa peke yake hana gongo. Yeye hudaka kwa mikono. Kuna kona, kuna penalti, kuna kuotea.

Tuuite nini? Warusi wanasema hoki ya mpira. Wafini wameunga barafu na mpira, wakapata jääpallo. Sisi tumezoea kusema hoki ya barafu kwa mchezo mwingine, ule wa wachezaji 6 kwa 6 wanaogombea kisahani cheusi. Tukilitumia jina hilo hapa, msomaji ataona picha ya mchezo usio huu. Kwa hiyo nasema neno la haki ni la mkopo: bandi. Wala tusilikatae kwa kuwa fundi analo lake. Kiswahili kina kaa la moto na kaa wa pwani, na hakuna mpishi anayewachanganya.

Neno barafu nalo ni la mkopo. Kwa Waajemi, barf ni theluji. Kwa Waarabu, thalj, lililotupa theluji, hubeba theluji na barafu pia. Watu wa pwani, ambao mbele ya milango yao hapakuwa na moja wala nyingine, waliyapokea maneno yote mawili na kuyagawia kazi: barafu ikawa ile ngumu, theluji ile laini inayoanguka. Wasomali, majirani zetu, nao wana baraf. Neno lilitangulia kufika. Watu wa kulikanyaga kwa miguu walikuja baadaye.

Walikuja kweli. Mwaka 2013, katika mji wa Borlänge nchini Uswidi, vijana wa Kisomali walianza kujifunza bandi. Wengi wao walifika nchi ile kama wakimbizi. Lugha yetu humwita mkimbizi anayeikimbia hatari, na mkimbiaji anayekimbia mashindanoni; kitenzi ni kimoja, mwisho wa neno ndio unaobadili maisha ya mtu. Mwenyeji mmoja wa mji, Patrik Andersson, ndiye aliyekuja na wazo la timu. Mafunzo yakashikwa na Per Fosshaug, aliyekuwa nyota wa bandi ya Uswidi. Wengi wa vijana hao walikuwa hawajawahi kuvaa viatu vile.

Hapa ndipo kitenzi kuteleza kinapopata kazi mpya. Kwetu mtu huteleza bila kutaka: kwenye matope, kwenye sakafu yenye maji, hata katika maneno yake. Wahenga walimfariji wakasema kuteleza si kuanguka. Juu ya barafu, kuteleza ndiko kutembea kwenyewe. Asiyeteleza ndiye anayeanguka. Mwanafunzi wa siku ya kwanza hukaza magoti na kujaribu kupiga hatua kama aliye nchi kavu, na chuma humkimbia chini ya miguu. Akijifunza kukunja magoti, kusukuma mguu mmoja pembeni na kuuachia mwingine umbebe, anakuwa mtelezaji. Sioni haja ya kukopa kitenzi kingine. Hiki tunacho, tukitoe tu kwenye aibu.

Mapema mwaka 2014 timu hiyo ilikuwa Irkutsk, Siberia, kwenye mashindano ya dunia. Mashindano hayo yalianza mwaka 1957 mjini Helsinki kwa timu tatu tu: Umoja wa Kisovyeti, Ufini na Uswidi. Wasovyeti walitwaa kila ubingwa hadi ule wa 1979, na mwaka 1981 ndipo Waswidi walipouvunja mfululizo huo. Katika ukoo huo wa mataifa ya majira ya baridi, Somalia ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika. Ilifungwa mechi zake zote. Mwaka uliofuata ikarudi tena, safari hii Khabarovsk.

Mtu anaweza kuuliza: hiyo ni timu ya taifa kwa maana gani, ikiwa wachezaji wanaishi Uswidi na nyumbani kwao hakuna uwanja hata mmoja wa barafu? Jibu limo ndani ya neno. Taifa tulilipata kwa Kiarabu, ambako asili yake ni kundi, sehemu ya watu. Kabla halijawa mipaka na pasipoti, lilikuwa watu walioshikamana. Bendera ya Somalia yenyewe inasema hivyo: nyota yake nyeupe ina pembe tano, kwa ajili ya maeneo matano wanakoishi Wasomali, moja likiwa kaskazini mashariki mwa Kenya. Kijana aliyevaa nyota hiyo Siberia hakuazima taifa la mtu.

Ndiyo maana namrudia fundi. Borlänge palikuwa na vipande viwili vya kitambaa, wenyeji na wageni, vimelala karibu bila kushikana. Mchezo ulipita kati yao kwa hatua ndefu za mkono, ukavishikiza. Neno la fundi na neno la Waswidi hayana undugu wa asili, lakini yamekutana kwenye kazi moja.

Basi nawaomba watangazaji, wafasiri na wahariri wetu: mkiitaja timu ile, andikeni timu ya taifa ya bandi ya Somalia, bila alama za kunukuu. Maneno yote yamo katika Kiswahili, na yanawatosha vijana wale.