Majina Yasiyoandikwa: Kusoma Ramani za Kale za Kariakoo



Tumo katika kipindi ambacho wengi wenu mnaleta ofisini bahasha zenye majina ya marehemu wenu ili wakumbukwe katika Misa za mwezi Novemba. Kwa sababu hiyo nimeona vema juma hili tutafakari juu ya jambo la historia ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, halihusiani na bahasha hizo: ramani za kale za Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Wengi wetu tunaijua Kariakoo kama mahali pa kununua vitambaa, simu na vipuri, mahali pa msongamano na kelele. Ni wachache wanaofahamu kwamba jina la mtaa huo, pamoja na majina ya baadhi ya njia zake, ni kumbukumbu ya watu wengi sana waliokufa pasipo majina yao kuandikwa popote.

Tuanze na ramani zilizochorwa na Wajerumani. Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, badala ya Bagamoyo, walitoa mwaka huo huo amri ya ujenzi iliyogawa mji kufuatana na aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa kila upande. Upande wa mashariki, kwenye upepo wa bahari, zilitakiwa nyumba za mawe za namna ya Kizungu. Katikati palikuwa mahali pa maduka, ambapo Wahindi na Waarabu walifanya biashara. Nyumba za udongo na makuti zilisukumwa nyuma, kuelekea magharibi. Amri haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, kwa maana ilitosha kutaja ukuta na paa, na kila mtu alijua ni nani aliyeweza kujenga ukuta wa namna gani.

Katika ramani hizo utaona ghuba, bandari, majengo ya serikali, reli ya kati iliyoanza kujengwa hapo mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na Kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Barabara zina majina ya Kijerumani. Ile tunayoiita leo Samora iliitwa Unter den Akazien. Waingereza wakaifanya Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, kabla ya kupewa jina la Rais wa kwanza wa Msumbiji. Lakini magharibi ya mji, mahali ambapo leo ni Kariakoo, palikuwa na minazi na vibanda vilivyotawanyika. Muda mfupi kabla ya vita serikali ya Kijerumani ilijipatia ardhi hiyo kwa nia ya kupima viwanja na kuwahamishia huko Waafrika. Mpango ulikuwepo, lakini vita viliwakuta kabla hawajaukamilisha.

Tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Vita, hata hivyo, havikuisha. Jenerali von Lettow-Vorbeck alirudi nyuma kuelekea kusini, akiwavuta adui zake katika nchi isiyo na reli wala barabara za magari. Wanyama wa kubeba mizigo hawakuweza kuishi huko, kwa kuwa mbung'o waliwaua farasi, punda na ng'ombe kwa maelfu. Ikabaki mabega ya binadamu. Kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilisafiri kichwani au begani mwa mtu. Waingereza waliunda jeshi la wapagazi lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na baada ya kuuteka mji waliweka kambi yake upande ule wa magharibi. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa ulimi wao: Kariakoo. Huko Nairobi nako, mahali pa kambi ya wapagazi wa jeshi hilo, watu walifanya vivyo hivyo, na hata leo pana Kariokor.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Jina la mtaa lilitoka midomoni mwa watu, na wapima ardhi wa serikali wakaliandika katika ramani zao jinsi lilivyotamkwa. Majina mengi ya kikoloni yalikuja na ramani na kuondoka na ramani. Hili lilitoka kambini na limebaki.

Je, wapagazi hao walikuwa watu gani? Walitoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo, na katika nchi hii hii iliyokuwa ikipiganiwa. Baadhi walijiandikisha kwa ajili ya mshahara. Wengi walikamatwa kwa nguvu kupitia machifu na maakida. Pande zote mbili zilifanya hivyo. Inakadiriwa kwamba waliotumikia upande wa Waingereza na washirika wao walifika takribani milioni moja katika vita vyote, na waliokufa kati yao hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au viazi alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, bila muda wala chombo cha kuupika vizuri, na tumbo likamharibikia njiani. Aliyeshindwa kuendelea aliachwa kando ya njia. Nyumbani nako walikotoka nguvukazi iliisha, na mifugo na nafaka zilichukuliwa na majeshi. Ndugu zetu Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya iliyofuata, kati ya 1918 na 1920, ambayo inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000.

Sasa turudi kwenye ramani, safari hii ile iliyochorwa chini ya Waingereza. Vita vilipokwisha, waliuchukua mpango ulioachwa na Wajerumani na kuukamilisha. Kariakoo inaonekana kama ubao wa bao: mitaa iliyonyooka inayokatana, viwanja vidogo vinavyolingana, na katikati uwanja wa soko. Katika viwanja hivyo watu walijenga nyumba ya Kiswahili tunayoifahamu, yenye ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vingine, na hivyo wageni kutoka bara walipata pa kufikia. Kati ya mtaa huo na maduka ya Uhindini, ramani inaonyesha ukanda mtupu. Huo ndio Mnazi Mmoja. Nyumba zilizokuwepo hapo ziliondolewa, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya: kwamba magonjwa ya Waafrika yasivuke kuwafikia wengine. Waliochora mstari huo walidhani wametenganisha watu kwa muda mrefu sana.

Tazameni basi majina ya mitaa inayozunguka soko. Kuna Kongo na Pemba, Nyamwezi na Swahili, yaani nchi na makabila ya watu waliokutana hapo. Kuna Aggrey, kwa jina la mwalimu Mwafrika kutoka nchi iitwayo leo Ghana, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Kuna Likoma, Masasi na Magila, ambavyo vilikuwa vituo vya wamisionari Waanglikana. Halafu kuna Narung'ombe, Tandamti na Mahiwa. Mfanyabiashara anayeshusha mzigo wake hapo huyataja majina haya matatu mara nyingi kwa siku. Narung'ombe ni mahali katika bara ya Kilwa palipopiganwa tarehe 19 Julai 1917. Tandamti, au Tandamuti, ni kilima magharibi ya Lindi kilichopiganiwa mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo. Mahiwa, jirani na misheni ya Wabenediktini ya Nyangao, ndipo palipopiganwa mapigano makali kuliko yote ya vita hivyo, katikati ya Oktoba 1917, ambapo katika siku chache upande wa Waingereza peke yake ulipoteza watu zaidi ya 2,000, waliouawa na kujeruhiwa. Kila moja ya sehemu hizo ilifikiwa kwa mabega ya wapagazi. Kwa hiyo jina la mtaa ni kambi yao, na njia zilizo ndani yake ni mahali walipokwenda kufia.

Kumbukumbu rasmi ziliwekwa kwingine. Mwaka 1927 iliwekwa mjini Sanamu ya Askari, pale ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao von Wissmann. Ni sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja wapagazi pia, na kwa heshima. Lakini hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Makaburi ya wanajeshi wa Kizungu yalipewa kila moja jiwe lake na jina lake. Hili si lawama ya mtu mwenye uchungu tu. Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa sehemu ya sababu. Mwezi Januari 2025, huko Cape Town, ilizinduliwa kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini waliohudumu bila silaha katika vita hivyo. Yaani baada ya zaidi ya miaka mia moja inawezekana bado kupata majina, mahali ambapo orodha ilitunzwa na mtu akajali kuitafuta.

Ingekuwa dhuluma nyingine kama tungeishia kwenye vifo tu. Mmoja wa vijana waliopigana vita vile upande wa Wajerumani, Kleist Sykes, alirudi akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, na katibu wake wa kwanza. Wanachama walijenga ofisi yao kwa kujitolea katika New Street, njia inayopakana na ule ukanda mtupu wa Mnazi Mmoja. Humo ndimo ilimozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. New Street leo ni Mtaa wa Lumumba. Mtaa wa Kipata umepewa jina la Kleist Sykes. Na Kichwele imekuwa Uhuru. Mnazi Mmoja uliotengwa ili watu wasikaribiane ukawa uwanja wa mikutano ambapo watu walikaribiana hata wakadai nchi yao.

Ramani ya leo imebadilika tena. Soko jipya lililobuniwa na msanifu wetu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na likaungua Julai 2021. Nyumba za Kiswahili zimebomolewa moja baada ya nyingine na kuwa maghorofa juu ya viwanja vile vile vidogo vilivyopimwa kwa ajili ya nyumba za chini. Tarehe 16 Novemba 2024 mojawapo ya maghorofa hayo lilianguka na kuua watu zaidi ya 20. Tofauti moja tuitambue: siku zile jamaa walisimama kando ya kifusi wakitaja majina ya ndugu zao, na nchi nzima ilisikia. Mpagazi wa 1917 hakuwa na mtu wa kusimama kando yake.

Basi, nina ombi la kufanya pamoja nanyi. Kanisa linatufundisha kuwaombea marehemu wote, hata wale ambao imani yao inajulikana kwa Mungu peke yake. Na Mungu wetu, kama tunavyoona katika kitabu cha Hesabu, aliagiza watu wake waandikwe mmoja mmoja kwa jina. Katika familia zenu bado wapo wazee waliosikia kutoka kwa babu zao habari za mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Waulizeni. Ulizeni jina lake, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na kama alikuwa Mkristo, Mwislamu au mfuasi wa dini ya mababu. Andikeni hata kama mnachokipata ni jina moja tu. Msingoje mpaka likizo ya Krismasi, maana mzee wa miaka tisini hangoji likizo.

Leteni majina hayo ofisini kabla ya Novemba 25. Siku hiyo, mwaka 1918, ndipo von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya, na wapagazi waliokuwa hai wakaruhusiwa kutua mizigo. Tutayasoma majina hayo kwa sauti katika Misa ya asubuhi, kisha tutayaandika katika daftari litakalotunzwa pamoja na vitabu vya parokia. Wale ambao hamtapata jina, njoni pia. Tutawaombea chini ya jina walilopewa na mtaa.

Nawatakieni juma lenye baraka.