Kura za urais Katanga

Katanga, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo lililokuwa na mji mkuu Lubumbashi, iligawanywa mwaka 2015 kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katika duru ya pili ya uchaguzi wa urais wa 2006 ilimpigia Joseph Kabila kura kwa wingi mkubwa, sawa na mashariki yote inayosema Kiswahili, huku Kinshasa, Équateur na majimbo ya Kasai yakimchagua Jean-Pierre Bemba. Kabila alishinda kwa asilimia 58. Asili na lugha vilikuwa na uzito kuliko sera, jambo la kusikitisha. Mwaka 2011 Katanga ilibaki na Kabila. Mwaka 2023 Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, alipata takriban asilimia 18 kitaifa, na Félix Tshisekedi takriban asilimia 73. Tofauti na Marekani, nchini Kongo kura za urais za majimbo yote hujumlishwa moja kwa moja.