Gari la Porini Lilivyokuwa Gari la Familia

Historia ya gari la familia linalosukumwa na magurudumu yote manne, ambalo mitaani huitwa fowili, ni fupi kuliko wanavyodhani wengi wanaolinunua leo. Kwa takribani miaka arobaini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gari la namna hiyo lilikuwa chombo cha kazi katika Afrika Mashariki, na gari la familia lilikuwa kitu kingine kabisa. Mwenye uwezo wa kumiliki gari mjini Nairobi au Dar es Salaam katika miaka ya 1960 na 1970 alinunua Volkswagen ndogo, Datsun, au Peugeot 404 na baadaye 504, ambayo yote yalisukumwa na magurudumu mawili tu na bado yalifika bara kwa barabara mbaya kuliko zilizopo sasa. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yanathibitisha jambo hilo: Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, ilhali gari la kwanza lenye nguvu katika magurudumu yote kushinda mashindano hayo, Audi 200, lilisubiri hadi mwaka 1987. Hoja kwamba ubovu wa barabara ndio ulioingiza fowili nyumbani kwa watu haitoshi, basi, kwa sababu barabara zilipokuwa mbovu zaidi, familia zilikuwa zikienda na Peugeot.

Gari la kazi lenyewe lilikuwa Land Rover. Lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948, likiwa limebuniwa na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover kwa kuiga Jeep za Kimarekani zilizobaki baada ya vita, na bodi yake iliundwa kwa aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu nchini Uingereza wakati huo. Katika makoloni lilikuwa gari la bwana shauri, daktari wa wilaya, mhifadhi wa wanyama na mmisionari, na baada ya uhuru likarithiwa na mkuu wa wilaya, polisi na bwana shamba. Abiria wa nyuma walikaa kwenye mabenchi ya pembeni wakitazamana, vumbi likiingia kwa kila tundu, na hapakuwa na aliyetarajia vinginevyo.

Mtambo wa magari hayo unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio uliolitenga gari la porini na gari la mjini kwa muda mrefu. Land Rover ya zamani, sawa na Toyota Land Cruiser iliyoifuata, ilikuwa na chesisi nzito iliyojitenga na bodi, ekseli nzima mbele na nyuma, na gia boksi ya pili iliyogawa nguvu kati ya ekseli hizo mbili kwa kusogeza mkono wa gia mdogo uliokuwa kando ya ule mkubwa. Nguvu ya mbele ilipounganishwa, ekseli zote mbili zililazimika kuzunguka kwa kasi ileile. Kwenye tope au mchanga hilo halina madhara, kwani matairi huteleza kidogo na kusawazisha tofauti, lakini kwenye lami kavu, gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo ikikosa pa kutokea hukaza mitambo hadi kitu kivunjike. Dereva alipaswa kujua wakati wa kuunganisha na wakati wa kuachia, na katika magari mengi alilazimika kushuka na kuzungusha kwa mkono vifungio vilivyokuwa katikati ya magurudumu ya mbele. Gari lililodai elimu hiyo, likala mafuta mengi na kumtikisa abiria kama mzigo wa mahindi, halikuwa na nafasi kwenye safari ya kupeleka watoto shule.

Land Cruiser, ambayo Toyota ilianza kuiunda mwaka 1951 na kuipa jina hilo mwaka 1954, iliishinda Land Rover taratibu, na ushindi wake ulitokana na spea kuliko injini. Katika miaka ya 1970, kampuni mama ya Land Rover, British Leyland, ilizongwa na madeni hadi ikataifishwa mwaka 1975, huku miradi mingi ya misaada katika Afrika ikija na magari ya Kijapani pamoja na akiba ya vipuri. Hapo ndipo lilipoanza kujengeka jambo litakaloonekana tena na tena katika historia hii, yaani kwamba sifa ya gari kuwa la kuaminika, hata kama ilianzia kiwandani, ilithibitika au kupotea kulingana na wingi wa magari ya aina hiyo yaliyokwisha kuingia nchini, na idadi ya mafundi waliokwisha kuyafungua.

Kwa raia wa kawaida wa Tanzania, mazungumzo ya kuchagua gari hayakuwa na maana kubwa katika miaka hiyo. Shirika la umma la State Motor Corporation, lililoundwa mwaka 1974, ndilo lililosimamia uagizaji na ugawaji wa magari, na upungufu wa fedha za kigeni, uliozidishwa na kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin na kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1979, ulifanya hata betri kuwa kitu cha kutafutiwa mtu. Serikali ilifikia hatua ya kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana bila kibali. Mlango ulifunguliwa katika bajeti ya mwaka 1984, iliyowasilishwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya, ambayo iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje, na pikapu zilizokwisha kutumika zikaanza kushuka bandarini. Kenya ilipitia njia nyingine: viwanda vya kuunganisha magari vilivyoanza katika miaka ya 1970 huko Thika, Mombasa na Nairobi vililindwa na serikali hadi mageuzi ya uchumi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliporuhusu magari ya mitumba kuingia kwa wingi, na viwanda hivyo havikuwahi kurudi katika nafasi vilivyokuwa nayo kwa upande wa magari madogo.

Mitumba hiyo ilitoka Japani kwa sababu zilizokuwa za Kijapani kabisa. Nchi hiyo huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama zilivyo Kenya, Uganda na Tanzania, na usukani wa magari yake uko kulia. Sheria yake inadai ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao gari jipya hufanyiwa baada ya miaka 3 na baada ya hapo kila miaka 2, na ambao huambatana na kodi ya uzito na bima. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo gharama za kulipitisha zinavyokaribia thamani yake sokoni, na mwenye gari huona afadhali kuliuza mnadani likiwa bado zima. Kuhusu nguvu ya magurudumu manne, chanzo chake ni theluji. Wakazi wa Hokkaido na wa mikoa ya kaskazini ya kisiwa cha Honshu huishi miezi kadhaa ya mwaka juu ya barafu, na viwanda vya Kijapani viliwatengenezea karibu kila gari katika toleo la fowili, hata magari madogo na mabasi ya familia kama Toyota Noah. Subaru ilikwisha kuweka mtambo huo kwenye gari la kawaida la Leone tangu mwaka 1972. Mtambo uliokusudiwa theluji ukaonekana kufaa kwenye utelezi wa udongo mwekundu wa Kiambu na wa Lushoto, ingawa chumvi inayomwagwa barabarani huko Japani ili kuyeyusha barafu hula chuma cha chini, na ndiyo maana mnunuzi mzoefu hulala chali chini ya gari kabla ya kulitazama kwa juu.

Hatua ya uamuzi ilikuja mwaka 1994, Toyota ilipotoa RAV4. Gari hili lilikuwa na sura na kimo cha gari la porini, lakini bodi yake ilikuwa kitu kimoja na chesisi, na vipuri vyake vingi vilitokana na Corolla na Carina, magari ambayo mafundi wa Afrika Mashariki waliyajua kwa kupapasa. Mtambo wake uligawa nguvu wenyewe bila dereva kusogeza kitu. Honda CR-V ilifuata mwezi Oktoba 1995, Subaru Forester mwaka 1997 na Nissan X-Trail mwaka 2000, na katika muda usiozidi miaka saba aina nzima mpya ya gari ikawa imekamilika. Forester ilinufaika pia na umaarufu wa Safari, ambako Subaru Impreza ilishinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns. Ni haki kuongeza kwamba familia nyingi zilichohitaji hasa ni kimo cha kuvuka matuta na makorongo, wala si nguvu ya magurudumu ya nyuma, na RAV4 nyingi zilizoagizwa baadaye zilisukumwa na magurudumu ya mbele peke yake bila mwenyewe kujua.

Injini za magari hayo zilikaribiana kwa ukubwa kwa namna isiyo ya kubahatisha: toleo lililozoeleka la RAV4 ya kwanza lilikuwa na cc 1,998, CR-V cc 1,972, Forester cc 1,994 na X-Trail cc 1,998. Kodi ya mwaka ya magari nchini Japani hupanda daraja injini inapovuka cc 2,000, na wahandisi walikaa chini ya mstari huo. Ushuru wa bidhaa wa Tanzania nao ukawekwa kwa madaraja ya ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa injini za kati ya cc 1,000 na 2,000 na asilimia 10 kwa zinazozidi hapo, na hivyo gari lililokwepa kodi Tokyo likajikuta limepata nafuu Dar es Salaam. Umri nao ulitungiwa sheria. Kenya, kwa kiwango chake cha ubora kiitwacho KS 1515, hukataa gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku yenye zaidi ya miaka 15 mwaka 2018, ilhali Tanzania huyaruhusu yote na kuyatoza ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Matokeo yake ni kwamba RAV4 iliyokwisha kukataliwa Mombasa kwa uzee iliendelea kushushwa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mnunuzi wa Nairobi na yule wa Mwanza, wakiwa na fedha zinazolingana, walinunua vizazi tofauti vya gari moja.

Gereji ndizo zilizotoa hukumu ya mwisho. Kizazi cha pili cha RAV4, kilichotoka mwaka 2000, kilikuja na injini ya D4, yaani injini inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kuipuliza kwenye njia ya hewa, teknolojia iliyokusudiwa kupunguza ulaji wa mafuta. Pampu yake ya shinikizo kubwa haivumilii uchafu, na masizi hujikusanya kwenye njia za hewa kwa kuwa hakuna petroli inayopita kuzisafisha. Injini hiyo iliingia katika nchi ambazo uchakachuaji wa mafuta kwa kuchanganya mafuta ya taa ulikuwa umeenea kiasi kwamba Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya wachakachuaji. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wakaipa D4 jina baya, na bei ya magari yenye herufi hizo ikashuka chini ya yale ya kizazi cha kwanza, ambayo yalikula mafuta zaidi. Uchumi wa mafuta uliokusudiwa na mhandisi wa Kijapani uligeuka kuwa hasara.

CR-V ilipata hukumu nyingine. Magurudumu yake ya nyuma huunganishwa na pampu mbili za majimaji zilizo ndani ya difu ya nyuma, ambazo huanza kusukuma nguvu pale tu magurudumu ya mbele yanapozunguka haraka kuliko ya nyuma, na zinahitaji oili ya aina yake. Fundi aliyeweka oili ya kawaida ya difu alisikia gari likikoroma kwenye kona kali, akatangaza kuwa difu imekufa, kumbe palihitajika kumwaga na kuweka oili sahihi. Subaru iliadhibiwa kwenye matairi: kwa kuwa magurudumu yote manne yameunganishwa muda wote, tairi moja jipya likiwekwa pamoja na matatu yaliyolika, mtambo wa katikati hufanya kazi bila kupumzika ukisawazisha tofauti ya mzunguko, na hatimaye huungua. Mjini Nairobi, ambako Subaru zilikuwa nyingi na maduka ya Kirinyaga Road yalijaa spea zake, mafundi waliyajua hayo mapema na gari likapendwa, ilhali katika miji ambako lilionekana mara mojamoja lilibaki na sifa ya kusumbua.

Soko la mkononi nchini Tanzania limetunga kipimo chake cha umri, kinachotegemea namba ya usajili. Kwa kuwa namba hutolewa kwa kufuata alfabeti, gari huuzwa kwa kutajwa kama namba B, namba C au namba D, na lile ambalo halijasajiliwa huuzwa kwa majigambo kwamba halijakanyaga barabara za nchini. RAV4 iliyoundwa mwaka 2003 na kusajiliwa mwaka 2016 ni namba D, na huweza kuizidi bei ndugu yake wa mwaka uleule aliyefika mapema na kubaki na namba B. Wageni huona kipimo hicho ni cha ajabu, lakini kinahesabu kitu halisi, yaani miaka ambayo gari limetumia petroli ya hapa, oili ya hapa na fundi wa hapa. Udhaifu wake ni kwamba kinavipa mpira wa bushi, mipira ya breki na mkanda wa injini umri wa miaka michache, ilhali vimekuwa vikikauka tangu siku vilipotoka kiwandani.