Mgeni wa Siku ya Tatu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu usemi huu hutumiwa kumtania mgeni aliyekawia kuondoka. Lakini una maana nyingine, pana zaidi: jembe ndilo linalomvua mgeni ugeni wake. Anayekaribishwa na kuandaliwa tu hubaki mgeni. Anayetumwa, na akikosea akagombezwa, huyo amekwisha kuwa mtoto wa nyumba. Historia ya wanafunzi wanaoishi na familia za ugenini ni ushahidi wa maneno hayo.

Mwaka 1932, Mmarekani aitwaye Donald Watt aliwachukua vijana wa nchi yake akawapeleka Uswisi wakae na wenzao wa Ulaya. Azma yake ilikuwa kuwafanya wafahamiane. Matokeo hayakumridhisha, kwani kukaa mahali pamoja si lazima kuwe ni kuishi pamoja. Miaka iliyofuata akaanza kuwapeleka vijana majumbani mwa watu, wale pamoja na wenyeji wao na kushiriki shughuli zao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, jumuiya ya AFS, iliyoanza mwaka 1915 kwa kuendesha magari ya wagonjwa katika medani za Ufaransa, ikashika njia hiyo hiyo. Mwaka 1947 ilianza kuwapokea Marekani wanafunzi 52 kutoka nchi 10, na familia zilizokuja kuwapokea wanafunzi wake zilijitolea bila ya ujira.

Visiwani Unguja, mlango wa namna hii ulifunguliwa zaidi baada ya mwaka 1979, ilipoanzishwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, ambayo baadaye ilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wageni walikuja kujifunza Kiswahili, na wengi wao wakapangiwa kukaa na familia za mjini. Asubuhi mwanafunzi hunywa chai na vitumbua, akashika njia ya Vuga kwenda darasani. Huko hufundishwa ngeli na minyambuliko ya vitenzi. Adhuhuri hurudi nyumbani, na hapo ndipo darasa la pili huanza.

Darasa hilo halina ubao. Lina mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu na chungu. Mwanafunzi hujifunza kutenga tui zito na tui jepesi, na chicha akajua pa kuiweka. Hujifunza kwamba hodi haipigwi kwa pupa, kwamba mkono wa kushoto haugusi sinia, na kwamba bibi huamkiwa kwanza kabla ya kuulizwa lolote. Akipita mbele ya watu wanaokula akaambiwa karibu, kitabu chake humtuma ajibu asante. Mama wa nyumba humrekebisha kwa neno moja: starehe. Neno hilo yumkini alikwisha kulisoma. Adabu yake hakuisoma popote.

Ni kweli kwamba familia nyingi za mjini hupokea malipo ya chakula na malazi. Lakini malipo hayo ni ya sahani na kitanda. Hayamlipi mama anayekaa macho mgeni anapopatwa na homa, wala hayamlipi bibi anayerudia neno lile lile mara kumi hadi ulimi wa mgeni ulainike.

Na kwa miaka mingi mabadilishano haya yalielemea upande mmoja: waliokuja walikuwa wengi, waliokwenda walikuwa wachache. Mpango wa YES, ulioanzishwa na Marekani mwaka 2002 kwa vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwao, uliipunguza kidogo tofauti hiyo. Kijana wa pwani akajikuta katika nyumba ambayo jirani hapiti bila ya miadi, akaamka daku peke yake jikoni, au akaamshwa na mama asiyefunga aliyemhurumia. Naye jembe lake lilimngojea: kuosha vyombo, kazi ambayo huenda nyumbani kwao iliachiwa dada zake. Alirudi na Kiingereza, na pengine alirudi akiitazama zamu ya jikoni kwa jicho jengine.

Majina ya waasisi wa mipango hii yamehifadhiwa katika taarikhi. Cheti cha mwanafunzi hubeba muhuri wa chuo na sahihi ya mkuu wake. Mama aliyemfundisha kusema starehe hana mahali pa kutia sahihi yake. Lakini mwanafunzi yule, akisharudi kwao, na mtu akimkaribisha chakula njiani, neno linalomtoka kabla hajafikiri ni lile la mama.