Muziki Unaompisha Msemaji

(Muziki wa magitaa na ngoma. Unapigwa kwa nguvu, kisha unashuka msemaji anapoanza.)

Natumaini kila mmoja amekwisha kupata mahali pa kukaa, na redio imewekwa mahali ambapo hata aliye nyuma anaisikia vizuri.

Je, mmeusikia muziki uliotufungulia somo? Ulipigwa kwa nguvu, lakini nilipofungua kinywa, ulishuka. Sasa nitanyamaza kidogo. Sikilizeni kwa makini.

(Msemaji ananyamaza. Muziki unapanda. Msemaji anaanza tena, nao unashuka.)

Nani ameushusha muziki huo? Wengi wenu mtasema, "Ni fundi aliyekaa nyuma ya kioo." Zamani jibu hilo lingekuwa sawa. Lakini leo fundi wetu amekunja mikono. Kazi hiyo imefanywa na programu ya kompyuta. Imepangwa kuisikiliza sauti yangu na kuupunguza muziki kila ninaposema. Mafundi huiita saidicheni, yaani njia ya pembeni. Leo tutajifunza njia hiyo ilitoka wapi, kisha tutaona namna ya kuitengeneza.

Mkono wa fundi

Sauti kubwa huifunika sauti ndogo. Jambo hili mnalijua. Ukiwa sokoni na lori likapita, humsikii tena mwenye duka anayekutajia bei. Wapigaji wa taarabu nao wanalijua. Mwimbaji anapoanza, wenye fidla na udi hupunguza nguvu bila kuambiwa, kwa sababu maneno yakipotea, wimbo nao umepotea. Kwa hiyo wanampisha mwimbaji.

Redio ilipoanza kutangazia watu wote, katika miaka ya 1920, kazi ya kupisha ilifanywa kwa mkono. Fundi alikaa mbele ya mtambo, macho yake kwa msemaji, vidole vyake juu ya kifundo cha kupunguzia sauti. Alipoona msemaji anavuta pumzi, alikizungusha kifundo na muziki ukashuka. Akichelewa kidogo tu, neno la kwanza lilimezwa na muziki. Na neno la kwanza la habari mara nyingi ni jina la mtu au jina la mji. Msikilizaji akilikosa, habari nzima haina maana kwake.

Herufi iliyowasumbua watu wa Hollywood

Sasa twende Marekani. Mwaka 1927 ilitolewa filamu iitwayo The Jazz Singer, ambayo ndani yake watu walisikia maneno na nyimbo za mwigizaji. Kabla ya hapo filamu nyingi zilikuwa bubu. Ghafla kila kampuni ya filamu ilitaka mafundi wa sauti. Katika kampuni ya MGM, mkuu wa mafundi hao alikuwa Douglas Shearer, aliyezaliwa Kanada mwaka 1899. Dada yake, Norma Shearer, alikuwa mwigizaji mashuhuri. Mwaka 1930 Bwana Shearer alipata tuzo ya kwanza ya Academy ya kurekodi sauti, kwa filamu iitwayo The Big House.

Lakini kulikuwa na herufi moja iliyomsumbua. Semeni pamoja nami: asali. Sasa semeni: msasa. Mnausikia mvumo mkali wa herufi S, kama wa nyoka? Katika filamu za siku zile mvumo huo ulitoka kwa ukali mno, ukachoma masikio ya watazamaji. Kupunguza sauti yote hakukufaa, kwani maneno mengine yangedhoofika.

Historia ya ufundi huu humtaja Bwana Shearer, katika miaka ya 1930, kuwa ndiye aliyepata dawa yake. Aliigawa sauti ya mwigizaji katika njia mbili. Njia kuu ilikwenda kwenye filamu. Njia ya pili, ya pembeni, haikusikiwa na mtazamaji hata mmoja. Ilipita katika chujio lililoacha mivumo mikali peke yake, kisha ikauongoza mtambo wa kubana sauti, ambao huitwa kompresa. S ilipotokea kwa ukali, njia ya pembeni iliushtua mtambo, na mtambo ukaipunguza sauti mara moja. S ilipokwisha, sauti ilirudi kama kwanza.

Shikeni jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu. Sauti moja inasikilizwa na mtambo, na kwa ajili yake sauti inayokwenda kwa watu inapunguzwa.

Taa inayosikiliza

Pengine mtauliza, "Mtambo usio na masikio unasikiaje?" Nitawapa mfano mmoja. Katika miaka ya 1960, huko California, mhandisi Jim Lawrence alitengeneza kompresa iitwayo LA-2A. Ndani yake mna kitaa kidogo, na mbele ya kitaa mna kipande kinachobadilika kinapopigwa na mwanga. Sauti ikiwa kubwa, umeme wake hukifanya kitaa king'ae zaidi. Kitaa king'aapo, kile kipande huufanya mtambo upunguze sauti. Sauti ikishuka, mwanga nao hufifia. Basi hakuna uchawi. Ni umeme, mwanga, na akili ya binadamu.

Ngoma na besi

Kwa miaka mingi mafundi waliona fahari kazi hii ikifanyika bila mtu kuitambua. Wapiga muziki wa dansi ndio waliogeuza mambo.

Katika miaka ya 1980, mjini Chicago, vijana walianzisha muziki wa dansi uitwao haus. Ndani yake ngoma kubwa, ile ambayo katika bendi hupigwa kwa mguu, hulia katika kila pigo bila kupumzika. Gitaa la besi nalo lina sauti nzito kama ya ngoma hiyo. Wahenga walisema, mafahali wawili hawakai zizi moja. Zikilia pamoja, ngoma haisikiki vizuri na besi haisikiki vizuri. Dawa ni kuifanya ngoma iongoze kompresa iliyo katika njia ya besi. Ngoma ikipigwa, besi inapisha. Ikinyamaza, besi inarudi.

Kisha Wafaransa wawili, Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, waliojiita Daft Punk, walitoa wimbo One More Time mwaka 2000. Humo muziki unashuka na kupanda kwa kufuata ngoma, kama kifua cha mtu apumuaye. Mwaka 2004 Eric Prydz wa Uswidi alifanya hivyo kwa nguvu zaidi katika Call on Me. Kilichokuwa siri ya mafundi kikawa ndicho watu wanachochezea dansi.

Kutoka kwenye sanduku hadi kwenye kompyuta

Hapo kwanza kazi hii ilihitaji kompresa ya chuma, nyaya, na fedha za kununulia. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilitoa mpango wa VST, ambao uliwezesha kompresa kuwa programu ndani ya kompyuta. Lakini nafasi ya njia ya pembeni ilikuwa bado haijawekwa vizuri. Mwaka 2007 programu ya Ableton Live, ya Berlin, ilitoa toleo la 7 lenye saidicheni ndani ya kompresa yake. Mwaka 2008 VST toleo la 3 likaweka nafasi hiyo waziwazi. Leo kijana wa Dar es Salaam au Nairobi mwenye kompyuta moja anaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji studio nzima.

Namna ya kuitengeneza

Programu ni nyingi, lakini hatua ni hizi.

Kwanza, weka ngoma katika mstari wake na besi katika mstari wake. Pili, weka kompresa katika mstari wa besi, si wa ngoma. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Anayepisha ndiye anayewekewa kompresa. Tatu, fungua sehemu ya saidicheni na uchague ngoma kuwa kiongozi. Nne, pima vipimo.

Kipimo cha kwanza ni kizingiti. Ngoma isipofika juu ya kizingiti, besi haiguswi. Cha pili ni uwiano. Tuseme uwiano ni 4 kwa 1, na ngoma imepita kizingiti kwa desibeli 8. Gawanya 8 kwa 4, utapata 2. Toa 2 katika 8, itabaki 6. Basi besi itapungua desibeli 6.

Cha tatu ni wakati wa kushika, nao uwe mfupi sana ili besi ipishe mara moja. Cha nne ni wakati wa kuachia. Ikiwa wimbo una mapigo 120 kwa dakika, gawanya sekunde 60 kwa 120. Kila pigo linachukua nusu sekunde, yaani milisekunde 500. Ukiweka milisekunde 200, besi itarudi kabla ya pigo lijalo. Ukiweka sekunde 2, haitapata nafasi ya kurudi.

Kwa redio, sauti ya msemaji huchukua mahali pa ngoma, na muziki huchukua mahali pa besi. Wakati wa kuachia uwe mrefu zaidi, ili muziki usirukeruke katikati ya maneno.

Neno la mwisho

Mtambo umechukua kazi ya mkono wa fundi, lakini haukuchukua kazi ya akili yake. Nikikohoa hapa kwa nguvu, muziki utakipisha kikohozi changu kwa heshima ileile unayoyapa maneno yangu. Mtambo hupima ukubwa wa sauti, maana haiijui. Ni nani asikiwe, na ni nani apishe, bado ni lazima mtu aamue. Ndiyo sababu fundi wetu, ingawa amekunja mikono, hajavua vifaa vyake vya masikioni.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini Bwana Shearer hakupunguza sauti yote ya mwigizaji?
2. Kompresa inawekwa katika mstari wa nani, anayepisha au anayepishwa?
3. Wimbo una mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo linachukua milisekunde ngapi?

Kwaherini. Tutaonana katika somo lijalo.

(Muziki unapanda.)