"Dawa ya Usingizi" Ni Ipi?

Mtoto wa mtaa wa Kayole au Dandora, Nairobi, anayeshikwa na kifafa mara kwa mara anaweza kuandikiwa picha ya MRI ya kichwa. Mzazi huambiwa, "Mama, tutampa dawa ya usingizi kidogo." Kauli hiyo ni ya upole, lakini imefunika matibabu mawili yaliyo mbali sana kwa hatari.

MRI hutumia sumaku. Huchukua nusu saa, pengine saa nzima, huku mashine ikigonga na kunguruma. Mtoto akigeuza shingo, picha inavurugika. Picha ya CT huisha upesi na mara nyingi haihitaji dawa yoyote. Kichanga wa wiki chache hunyonyeshwa, akaviringishwa shuka, akalala mwenyewe. Wa miaka miwili au mitatu ndiye hasa anayehitaji dawa.

Dawa ya kwanza ni ya utulizaji. Mtoto hulegea na kusinzia, lakini akiitwa au kuguswa huitika, na pumzi ni yake mwenyewe. Ya pili ni ya nusukaputi: fahamu zote huondoka, haamki hata akichomwa sindano, na huenda akahitaji kusaidiwa kupumua. Ganzi ni jambo jingine, maana hufisha sehemu moja tu, kama fizi kwa daktari wa meno. Najua nusukaputi ni neno la kutisha masikioni mwa mzazi. Hata hivyo nalitetea, kwa sababu aliyelala usingizi ukimtikisa ataamka, na aliye katika nusukaputi hataamka mpaka dawa iishe.

Kati ya hali hizo mbili hakuna ukuta. Chama cha madaktari wa nusukaputi cha Marekani huhesabu ngazi nne: utulizaji mwepesi, wa wastani, wa kina, kisha nusukaputi yenyewe. Dozi inayomsinzisha mtoto mmoja inaweza kumzamisha mwenzake hadi ngazi inayofuata. Ulimi wa mtoto ni mkubwa kwa kinywa chake, njia yake ya hewa ni nyembamba, na oksijeni humwishia mwilini haraka kuliko mtu mzima. Kwa hiyo hata panapotajwa utulizaji, lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia pumzi tu, na kifaa cha kupima oksijeni kiwe kidoleni. Vifaa vyenyewe viwe vya chumba cha sumaku. Mtungi wa oksijeni wa kawaida wa chuma unaweza kuvutwa ukaruka kama kombora.

Halafu kuna kufunga. Kanuni iliyozoeleka ni muda wa saa 6 bila chakula wala maziwa ya ng'ombe, saa 4 bila maziwa ya mama, saa 2 bila maji. Sababu ni kwamba aliyepoteza fahamu hawezi kukohoa atapikapo, na matapishi huingia mapafuni. Lakini mama wa Umoja anayedamka kuwahi matatu ya kwenda Hospitali ya Kenyatta, mtoto akilia njaa, atampa kikombe cha chai. Ameambiwa "asile", na chai hailiwi, hunywewa. Chai yetu ina maziwa. Kwa hesabu ya tumbo ni chakula, na uji vilevile. Karatasi ya maagizo ivitaje vyote viwili kwa jina.

Na fomu ya idhini iandikwe hivi: "Mtoto wako atapewa dawa ya utulizaji. Inaweza kumfikisha kwenye nusukaputi. Atakayeangalia pumzi yake ni…", kisha jina la mtu huyo lijazwe kabla mzazi hajatia sahihi.