Yaya ni Kyungu, mdogo ataitwa nani?

Kwa Baluba wa Katanga, mapasa hawatafutiwi jina. Jina linawangojea. Anayetangulia kutoka ni Kyungu, anayemfuata ni Kabange, awe kijana ao binti. Hakuna kikao cha familia wala shangazi wa kununa. Mfano unaojulikana na kila mtu hapa Kalemie ni ule wa watoto wa Laurent-Désiré Kabila: Jaynet Kabila Kyungu, aliyechaguliwa mbunge wa Kalemie mwaka wa 2011, na pasa wake Joseph Kabila Kabange. Wengi tuliandika Kabange kwenye daftari za shule bila kujiuliza lile neno linafanya nini pale mwisho. Linasema tu kwamba huyu bwana alizaliwa wa pili, na kwamba yaya yake yuko. Ukisikia Kabange, uliza Kyungu iko wapi.

Sisi si peke yetu. Ng'ambo ya ziwa, Wasukuma na Wanyamwezi wanasema Kulwa na Doto, na mtoto anayezaliwa nyuma ya mapasa anaitwa Shija. Kwa Bakongo, kule magharibi ya inchi yetu, ni Nsimba na Nzuzi, kisha Landu. Lakini Waganda ndio wamenishangaza zaidi. Kwao mapasa wa kiume ni Waswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato, anayefuata ni Kizza, na anayemfuata Kizza ni Kamya. Tena hawaishii pale: mtoto aliyezaliwa mbele ya mapasa naye anapata jina, Kigongo. Fikiri kidogo. Yule mtoto alikuwa na jina lake, anacheza zake, kumbe wadogo wawili wanafika siku moja na kumgeuza kuwa Kigongo. Sisi tunazoea kusema jina la mdogo lifuate la yaya. Pale ni jina la yaya linalofuata wadogo.

Sasa, wengi wetu si mapasa. Mtoto wa kawaida kwetu alipewa jina la mkubwa fulani wa ukoo, wa kwanza jina la babu, wa pili la bibi upande wa mama, na kuendelea. Jina la ukoo linalorithiwa na watoto wote, sawa vile kwa Wabelgiji, halikuwa desturi. Kwa hiyo watoto sita wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina sita yasiyofanana hata herufi, na mungini hakuna aliyeona shida, kwa sababu kila mtu alijua nani ni wa nani.

Wamisionari, Mapadri Weupe, walipofika Mpala mwaka wa 1885, waliongeza jina la ubatizo mbele. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu aliyepewa upadri mwaka wa 1917, wa kwanza katika Kongo yote, ana majina mawili yanayotoka dunia mbili. Watoto wa nyumba moja wakaanza kufanana kwa upande wa watakatifu, huku majina ya wakubwa yakibaki kila moja na njia yake.

Halafu ikafika 1971. Tarehe 27 Oktoba Kongo ikawa Zaïre, na Januari 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko na yale mengine marefu. Majina ya kizungu yakakatazwa kwa wote. Padri akimbatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Malula alipinga, akajikuta Roma kwa miezi. Mahali pa prenomu pakawekwa postnomu, jina lingine la wakubwa. Mji wetu wenyewe ulikuwa umeshavua Albertville na kuvaa Kalemie miaka michache mbele.

Mimi naona orodha ya watoto wa muzee mmoja wa wakati ule inasomeka kama kitabu cha historia. Chukua mfano: wa kwanza, wa 1967, ni Jean-Pierre. Wa pili, wa 1970, ni Marie-Jeanne. Wa tatu, wa 1974, hana prenomu kabisa, ana majina matatu ya wakubwa yamefuatana. Wa nne na wa tano vilevile. Wa mwisho, aliyezaliwa nyuma ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, ni Christian. Sisi waagronome tunakata mti na kuhesabu duara ndani kujua mwaka wa ukame. Hapa hauhitaji hata kukata.

Leo mtindo ni mwingine. Wazazi wanapenda majina ya watoto yaimbe pamoja: Glodi, ambayo ni Gloire de Dieu iliyofupishwa, kisha Gradi, kisha Plamedi. Wengine wanashika herufi moja kwa watoto wote. Kuna wanaocheka majina haya, mimi sicheki. Ni kizazi kinachotafuta kitu cha kuunganisha watoto wake, kwa sababu karatasi za serikali haziwaunganishi.

Hilo nalijua vizuri. Mimi na yaya yangu hatuna jina moja la kufanana. Siku moja, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, aliyekuwa mbele yetu alishika karatasi zetu mbili akauliza: "Nyinyi ni ndugu kwa upande gani?" Papa mmoja, mama mmoja, na tulitafuta ushahidi siku tatu.

Na sasa yaya amepata mtoto wa pili, kijana. Wa kwanza, binti, ni Glodi na jina la bibi upande wa mama. Shemeji anataka Gradi, na hapo hakuna anayebisha. Vita iko kwenye jina lenyewe. Muzee anadai jina la papa yake, kwa sababu zamu ya kwanza ilienda upande wa pili, na kwa desturi ana haki. Kodi ya Familia ya 1987 nayo inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wetu, yasiwe tusi. Kubadili jina la binti ili afanane na mdogo wake ni kupita tribinali, na mfuko wa yaya tunaujua.

Basi nilipendekeza hivi: kijana achukue jina la babu, halafu postnomu iwe lile jina la dada yake. Ofisi yoyote itakayowaweka pamoja itaona neno moja kwenye karatasi zote mbili.

Muzee alinyamaza muda, akasema: "Mutoto mwanaume wa kwangu abebe jina la kwa bakwe?" Shangazi akaunga mkono, shemeji akatoka inje. Yaya mwenyewe hakusema neno.

Sheria inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye eta sivili. Leo ni ya 61, na nyumbani tunamuita Gradi tu.